Waya bila mwongozaji ni kamba ya kuanikia nguo

Wadau, mwakeye!

Kwa wasiojua Kiha, hiyo ni salamu ya asubuhi. Ukiitoa pale sokoni Kasulu, hata kama hupunguziwi bei ya maharage, angalau kisado chako kitajazwa vizuri.

Leo nataka tuongee habari ya milima ya kwetu. Siku hizi kila kijana wa mjini akirudi kutembea Rwanda, Uganda au Kenya anakuja na picha ileile: kaning'inia kwenye waya, kofia ngumu kichwani, miguu hewani, mdomo wazi. Wenyewe wanaita ziplaini. Halafu sisi tuliotokea Kasulu na Kibondo tunaanza kuulizana, mbona na kwetu kuna milima? Si tufunge waya tu, watalii waje, vijana wapate kazi?

Jibu langu ni kwamba tufunge, lakini waya uje mwisho. Cha kwanza ni mwongozaji. Mitaani tunamwita "gaidi", na mgeni wa lugha akisikia "mimi ni gaidi wa mlimani" anaweza kupiga simu polisi. Teh teh. Mimi nitamwita mwongozaji, kwa usalama wa wote.

Kwa ambaye hajapanda, nieleze kidogo. Ziplaini ni waya wa chuma uliosukwa, unaofungwa kutoka mahali pa juu hadi mahali pa chini kidogo. Juu ya waya linakaa kapi. Wewe unavalishwa mikanda ya mapajani na kiunoni, unafungwa kwenye kapi, kunakuwa na kamba ya pili ya akiba, kisha unaachiwa. Injini hakuna. Dereva ni uzito wako na ule mteremko. Mteremko ukizidi utafika kama jiwe. Ukipungua utakwama katikati, utarudi nyuma mpaka kwenye tumbo la waya, na itabidi mtu aje kukuvuta. Mtu mzito hufika kwa kasi, mwepesi akikutana na upepo wa mbele hukwama. Kwa hiyo kila abiria ni hesabu mpya, na anayeipiga hesabu hiyo ni mwongozaji, kwa macho yake, kabla hajakuachia.

Mchezo huu asili yake si mchezo. Miaka ya 1970 kule Costa Rica, wanabiolojia kama Donald Perry walikuwa wanatafuta namna ya kufika juu kabisa ya miti ya msitu wa mvua, mahali ambapo viumbe wengi wanaishi na binadamu hafiki. Wakafunga kamba na makapi. Biashara ya watalii ikaja baadaye. Yaani tangu mwanzo kamba ilikuwa chombo cha kumpeleka mtu mahali penye jambo la kuona na kujifunza. Kama huko juu hakuna jambo, na hakuna mtu wa kulieleza, kilichobaki ni kamba ya kuanikia nguo.

Majirani zetu wameshatangulia. Rwanda walifungua daraja la kuning'inia juu ya msitu wa Nyungwe mwaka 2010, lina urefu wa mita 160 hivi, na mahali fulani chini yako kuna kama mita 70 za hewa tupu. Huruhusiwi kulipanda bila mwongozaji. Mwaka 2023 Nyungwe ikaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na mwaka 2025 wakaongeza ziplaini ya karibu kilomita mbili. Kenya wana ya msitu wa Kereita, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Sisi wenyewe tuna daraja la juu ya miti Ziwa Manyara, mita 370, lilifunguliwa mwaka 2017. Angalia ramani sasa. Manyara iko kaskazini, kwenye njia ileile ya siku zote ya kwenda Ngorongoro na Serengeti. Magharibi tumebaki na milima yetu na picha za wenzetu.

Mimi nilipanda ya Mabira, Uganda, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Nilienda na rafiki zangu wawili. Tulipewa waongozaji wawili, vijana wa vijiji vya pale pale. Mmoja alitangulia kwenye waya ili akatupokee upande wa pili, mwenzake akabaki kutuachia. Zamu yangu ilipofika huyu wa pili alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama fundi cherehani, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kiganda ndani: "Ssebo, wewe mwepesi. Kunja miguu. Ukinyoosha, upepo utakusimamisha katikati." Nikakunja. Nikafika.

Muda wote tuliokaa juu ya waya, ukijumlisha, haukufika hata dakika tano. Ziara yenyewe ilichukua zaidi ya saa mbili. Saa mbili hizo zilikuwa za kutembea kwa miguu kutoka waya mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Walituonyesha mvule, wakatuambia kwa nini mti ule unawindwa na wenye misumeno. Walitusimamisha kimya tukasikia kima wakiitana. Kisha wakatupa habari ya mwaka 2007.

Wadau wanaofuatilia mambo watakumbuka. Serikali ya Uganda ilitaka kutoa hekta 7,100 za Mabira, kama robo ya hifadhi ile, zilimwe miwa. Vijana wa Kampala wakatumiana ujumbe wa simu kususia sukari. Aprili 2007 watu wakaandamana, na wengine wakapoteza maisha. Mpango ukasimama, ukaibuka tena mwaka 2011, ukapigiwa tena kelele. Sasa fikiria unaning'inia juu ya miti ile ukijua kwamba ilikaribia kuwa shamba la miwa. Hiyo ni safari tofauti kabisa na ya mtu aliyepiga picha akaondoka. Na waya ni uleule.

Turudi Buha. Je, tuna jambo la kuonyesha? Tunalo mpaka la kumwaga.

Ukitoka Kigoma mjini kupanda Kasulu, safari ya kama saa mbili, ziwa linabaki chini nyuma yako na hewa inabadilika. Vilima vinafuatana kama mawimbi mpaka mpakani mwa Burundi. Kuna Heru Juu, makao ya Mwami wa Heru. Kuna mashamba ya kahawa upande wa Manyovu, siku hizi wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ukiendelea kaskazini kupitia Makere na Nyakitonto hadi Kibondo, upande wa mashariki nchi inateremka taratibu kwenye miombo yenye mizinga ya nyuki, kisha kwenye mabwawa ya Moyowosi anakoishi yule korongo wa ajabu mwenye mdomo kama kiatu. Eneo hilo la Malagarasi na Moyowosi ndilo la kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000, na lina zaidi ya hekta milioni tatu.

Mto Malagarasi wenyewe ni hadithi. Unazaliwa kwenye milima ya mpakani na Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika kama ungeruka moja kwa moja. Lakini haukuteremka ziwani. Ulielekea kaskazini mashariki, ukazunguka, ukapotelea kwenye mabwawa, ukajikusanya tena, ndipo ukarudi magharibi kuingia ziwani. Mpe mwongozaji mzuri kilele kimoja cha mpakani na habari hiyo ya mto, na mgeni atalipa hata kabla hajaona waya.

Watu wanasema "Kigoma mwisho wa reli". Kibondo hata huo mwisho hatukuupata. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaishia pale chini ziwani. Sisi wa juu tukaachiwa kazi ya kutoa watu. Enzi za Mwingereza Buha ilikuwa ghala la nguvukazi: wanaume walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Mkoa uliuza misuli, faida ikabaki pwani.

Baadaye likaja jambo jingine, la wakimbizi. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa malaki. Kibondo ikawa na kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na nyingine. Kasulu ikawa na Mtabila, na mwaka 1996 Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Na kambi zilikuja na mashirika. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kibondo alipata ajira ya udereva, ulinzi, ukalimani, utunzaji ghala. Nyumba zikapangishwa, gesti zikajaa, mama lishe wakajenga.

Kisha kambi zikafungwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kambi za Kibondo zilifungwa moja baada ya nyingine, Mtabila ikafungwa Desemba 2012, na aliyekuwa Kibondo wakati ule anajua mji ulivyopoa. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena, magari meupe yakarudi. Septemba 2017 Warundi wakaanza kurejeshwa kwao, na Desemba 2021 Mtendeli ikafungwa. Umeona mtindo? Maisha ya vijana wetu yanapanda na kushuka kwa matatizo ya jirani. Jirani akipata amani, ambayo sote tunamwombea, sisi tunapoteza kazi. Uchumi gani huo, wa kutegemea nyumba ya jirani iungue?

Ndiyo maana sizungumzi ziplaini kama mzaha wa wikiendi. Ninazungumzia kitu cha kushika mkononi pale gari jeupe la mwisho litakapoondoka.

Wengi hawajaona kwamba mashirika yale yalituachia waongozaji wa kutosha, ila hatuwaiti hivyo. Muha aliyefanya kazi kambini anazungumza Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo anaelewana na Mrundi bila shida, na Mnyarwanda kwa taabu kidogo tu. Ana Kiswahili. Ana Kiingereza cha kazi, na wengine wameokota Kifaransa. Amefundishwa huduma ya kwanza. Anajua kutumia redio ya upepo, kuhesabu watu, kujaza fomu, kutuliza mtu aliyeingiwa na hofu. Mtajie mwenye ziplaini yoyote duniani sifa hizo uone kama hatakuuliza huyo mtu anapatikana wapi. Anapatikana Kibondo, anaendesha bodaboda.

Na hili la wenyeji kuwa na ujuzi si ndoto, limeshatokea mkoani kwetu. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akafariki Oktoba 2025, na dunia nzima inamjua. Lakini Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia Gombe usiku wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wageni wakaondolewa. Je, utafiti ulikufa? Haukufa. Wasaidizi wa Kitanzania, watu kama Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika walichoona. Leo utafiti ule unatajwa kuwa miongoni mwa ule uliodumu muda mrefu zaidi duniani juu ya wanyama wa porini, na haungedumu kama wenyeji wangekuwa wabeba mizigo tu.

Hapo ndipo ninapowauliza wanaosema "tulete mwekezaji". Alete, sikatai. Lakini mwekezaji akija na waya, na wataalamu wake, na hema lake, na kijana wa Kasulu akapewa kazi ya kufungua geti, basi siku faida ikipungua atakunja waya wake aondoke, na sisi tutabaki na nguzo. Tutakuwa tumerudia ya manamba na ya kambi kwa mara ya tatu.

Ufanyike nini basi? Mimi naona mambo matatu, na kwa mpangilio huu.

La kwanza, kilima kiwe na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake, kuusimamia na kukusanya mapato yake. Kijiji chenye msitu uliotengwa na mipaka inayojulikana kinakaa mezani na mwekezaji kama mwenye mali. Kijiji kisicho na karatasi kinakaa kama mwombaji. Mkutano mkuu wa kijiji ndio uanze, mafundi wa waya wafuate.

La pili, vijana wasome. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni, na vyuo vipo: Mweka kule Moshi, Pasiansi pale Mwanza, na Chuo cha Taifa cha Utalii. Halmashauri zinazojua kununua magari zishindwe kusomesha vijana kumi? Kumi tu, kwa kuanzia. Wakirudi waanze kutembeza watu kwa miguu: kilima, mizinga ya nyuki, kahawa, Heru Juu. Kutembea hakuhitaji waya. Kama hakuna anayekubali kulipa kutembea na wewe mlimani, hakuna atakayelipa kuning'inia.

La tatu, ndipo waya. Na hapa sina utani, kwa sababu ya radi. Mtu wa Kigoma ukimtajia radi wenzake wa mikoa mingine wanaanza utani wa waganga. Ukweli ni kwamba ukanda huu wa maziwa makuu, kutoka mashariki ya Congo kuja huku, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Sasa wewe unataka kufunga chuma juu ya kilima, Novemba, mawingu yanatokea Burundi. Nani atasema "leo hatupandi" wakati foleni ipo na hela imeshalipwa? Si mwekezaji aliye Dar es Salaam. Ni yule kijana aliyekulia pale, anayejua kwamba wingu likikaa upande ule, baada ya nusu saa mvua ipo. Na lazima apewe mamlaka ya kufunga bila kumpigia mtu simu.

Najua maswali yanayokuja. Wa kwanza atasema watalii wa Gombe na Mahale wanashukia uwanja wa ndege Kigoma, wanapanda boti, wanaondoka. Nani atapanda Kasulu? Ndugu yangu, acha kumngoja mzungu. Walimu na wanachuo wa Kasulu na Kabanga wapo. Watu wa Kigoma mjini, Kahama na Mwanza wapo. Bujumbura iko hapo ng'ambo. Mradi wa barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu umebadilisha kabisa safari ambayo zamani ilikuwa ya kula vumbi kiangazi na kulala njiani masika. Mwaka 2022 mkoa ukaunganishwa na gridi ya taifa, yale majenereta ya dizeli yakapumzika.

Tupige hesabu ya mfano tu. Kilima kimoja, Jumamosi moja, watu 20, kila mmoja shilingi 20,000. Hiyo ni laki nne. Haijengi ghorofa, lakini ikigawanywa kati ya kijiji, waongozaji wanne na mama anayepika ugali wa muhogo na migebuka pale chini, hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu. Na haingoji vita ya mtu.

Wa pili atasema haya ni mambo ya kizungu, mlima wa Mwami si wa kuchezea. Huyu namheshimu, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka mwongozaji awe mwenyeji. Mwenyeji anajua kilima kipi ni cha kupandwa na kipi kiachwe na heshima yake. Mgeni anaangalia mteremko peke yake.

Wa tatu ni wale wa "tutafakari kwanza, tuunde kamati". Hao sina la kuwajibu. Posho njema.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa Kasulu na Kibondo mliotapakaa Dar, Arusha na kwingineko, mkirudi likizo Desemba, kabla ya kuuliza waya unauzwa bei gani, fanyeni zoezi moja. Mchukueni rafiki ambaye si Muha, mpandisheni kilima chochote cha nyumbani kwenu, halafu mmweleze kwa saa nzima mnachokiona. Mkiishiwa maneno baada ya dakika kumi, mtafuteni mzee wa kijiji awape mengine, na muandike. Huo ndio mtaji, na hauuzwi dukani.

Mnasemaje, wadau?